UZI: Kiti cha Bonde la Ufa, eneo bunge la walowezi lililozaliwa 1920 na kufutwa 1963

#1 Mwana wa Menengai

Wanajukwaa, salaam.

Kila tume ya mipaka inapoanza kazi yake, humu jukwaani moto unawaka: nani ameongezewa eneo bunge, nani amepunjwa, kwa nini wilaya fulani yenye watu wachache ina mbunge sawa na mtaa wa watu laki mbili. Hoja hizo nazielewa na nyingine naziunga mkono. Ila kuna eneo bunge moja ambalo halitajwi kabisa, na mimi naliona kama mzazi wa ugomvi wote huu. Ni kiti cha Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria, lile la LEGCO. Kilikuwa kiti cha mashambani na cha wakulima wakubwa, na wapiga kura wake wote walikuwa Wazungu. Nitashusha kwa vipande, mwenye la kuongeza aongeze.

Baraza lenyewe lilikaa kwa mara ya kwanza Agosti 1907. Hakukuwa na uchaguzi wakati huo, wote waliteuliwa na gavana, na mmoja wa walioteuliwa alikuwa Lord Delamere. Walowezi hawakuridhika. Kwa zaidi ya miaka 10 walipiga kelele kwamba wao ni raia wa Mwingereza, wanalipa kodi, na haiwezekani watungiwe sheria na watu wasiowachagua. Sheria ya kuwapa kura ikapita 1919, na Februari 1920 wakapiga kura. Viti 11 vya kuchaguliwa, vyote vya Wazungu. Wanawake wa Kizungu nao walipiga kura, jambo ambalo kwa mwaka huo lilikuwa la mbele kuliko nchi kadhaa za Ulaya.

Sasa shika hesabu hii. Sensa ya 1921 ilikuta Wazungu 9,651 katika koloni nzima, wakiwemo watoto, wamisionari na maafisa wa serikali. Gawanya kwa viti 11: kila kiti kilikuwa na watu wasiofika 900, na wapiga kura ni wachache kuliko hao. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 2. Viti vyao vilikuwa sifuri. Baadaye, 1924, "maslahi ya wenyeji" yakakabidhiwa mmisionari wa Kizungu wa kituo cha Kikuyu, Dkt. John Arthur. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Oktoba 1944, tena kwa kuteuliwa.

Mbunge wa kwanza wa Bonde la Ufa alikuwa huyo huyo Delamere, na alikishikilia kiti hadi alipofariki Novemba 1931.

#2 Mwana wa Menengai

Kabla sijaendelea na wabunge, tuseme ardhi yenyewe ilipatikanaje. Bila hilo kiti hiki hakieleweki.

Reli ilifika Nakuru 1900. Serikali ilikuwa imeingia gharama kubwa na ilitaka mizigo ya kubebwa, ikaamua kwamba wakulima wa Kizungu ndio watakaoileta. Lakini bonde halikuwa tupu. Kuanzia Naivasha hadi Nakuru yalikuwa malisho ya Wamasai. Mkataba wa 1904 ukawahamisha, sehemu wakaenda Laikipia na sehemu kusini, wakaahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa hata huko Laikipia. Walienda mahakamani kupinga, na kesi ikatupwa kwa hoja za kisheria bila malalamiko yao kusikilizwa.

Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, kwa mkataba wa miaka 99. Baadaye akapata na Soysambu, pale Elmenteita. Kwa haki, yule bwana alihangaika. Kondoo wake walikufa kwa sababu udongo wa Njoro haukuwa na madini waliyohitaji, ng'ombe wa kigeni wakafa kwa magonjwa, na ngano yake ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Alitumia mali yake kutafuta mbegu inayostahimili kutu, na utafiti wa ngano pale Njoro hadi leo una mizizi katika kazi ile.

Lakini alipoingia barazani hakuwa mtafiti wa ngano. Alikuwa mwenye shamba anayesema kwa niaba ya wenye mashamba, na wenye mashamba walitaka mambo matatu: ardhi isiyoguswa na mtu mwingine, vibarua wa bei ya chini, na serikali isiyoingilia. Kipande, kile kitambulisho cha lazima cha vibarua, kilianza kuning'inizwa shingoni mwa babu zetu miaka hiyo hiyo kiti kilipozaliwa. Sheria ya 1918 ilikuwa tayari imesema mtu anayeishi na familia yake kwenye shamba la mzungu lazima amfanyie kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kupandisha hadi siku 270 na kupunguza mifugo ya maskwota, yaani hao walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Waliopandisha idadi ya siku ndio waliokuwa na kura. Waliozifanya kazi siku hizo hawakuwa nayo.

#3 Binti Kilifi

Asante sana kaka. Swali: na Wahindi? Nakuru ilikuwa na maduka yao tangu reli. Walikuwa wanapiga kura wapi?

#4 Mwana wa Menengai

Dada Binti Kilifi, hilo ndilo lililokaribia kuleta vita 1922 na 1923. Mwaka 1921 Wahindi walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu, na walidai daftari moja la wapiga kura kwa wote wenye sifa. Walowezi waliona kwamba daftari moja ni mwisho wao. Wakaunda kamati za siri, wakapanga hata kumteka gavana na kushika reli na simu. Haya si uvumi, yameandikwa na wanahistoria wa pande zote.

London ikatoa tamko la Devonshire, Julai 1923. Wahindi wakapewa viti 5 katika daftari lao peke yao, Waarabu kiti 1, na Wazungu wakabaki na 11. Wahindi walivisusia kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo Mhindi mwenye duka Nakuru hakuwa mpiga kura wa Bonde la Ufa hata kama dirisha lake lilitazama ofisi alikopigia kura jirani yake mzungu. Alikuwa mpiga kura wa daftari la Wahindi.

Tamko hilo hilo ndilo lililosema Kenya kwanza ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie. Lilitungwa kuwakatalia Wahindi na kuwatuliza walowezi kwa wakati mmoja. Waafrika hawakuulizwa. Lakini maandishi yalibaki, na baadaye kila mwanasiasa wa Kiafrika aliyekwenda London aliyashika mkononi.

#5 Mkulima wa Molo

Mkuu uzi mzuri, ila tusiwe na upande mmoja. Hawa watu walileta ng'ombe wa maziwa, pareto, ngano. Vyama vya wakulima pia waliviunda. Mimi nafuga, na kila siku natumia kitu walichoanzisha wao. Mtu aliyejenga uchumi si ana haki ya kusikilizwa?

#6 Mwana wa Menengai

Ndugu Mkulima wa Molo, hoja yako naiheshimu, na nimeshasema kuhusu ngano ya Njoro. Kusikilizwa ni haki ya kila mtu. Tatizo ni kwamba walisikilizwa wao tu, na kile walichokisema kilikuwa kumzuia mwingine asijenge uchumi wake. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya kuuza. Mwaka 1939 Nyanda za Juu za Wazungu zikawekewa mipaka kwa amri kutoka London, kama maili za mraba 16,700, na mtu mweusi hakuruhusiwa kumiliki humo hata kama ana pesa taslimu. Zuio hilo halikuondolewa hadi 1959.

Na ng'ombe hao wa maziwa alikamua nani? Aliyeamka saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Molo na ndoo mkononi alikuwa skwota. Naye alijenga uchumi huo. Hakuhesabiwa.

#7 Mwana wa Menengai

Tuendelee. Baada ya Delamere, uongozi wa walowezi barazani ulishikwa na Lord Francis Scott, ambaye shamba lake, Deloraine, lilikuwa Rongai. Miaka hiyo naipita haraka kwa sababu mambo ni yale yale: ardhi, vibarua, kodi, na ndoto ya kujitawala kama Wazungu wa Rhodesia ya Kusini, ndoto ambayo London haikuitimiza.

Aliyebadilisha habari ni Michael Blundell, mkulima wa Subukia, aliyechaguliwa Bonde la Ufa 1948. Sensa ya mwaka huo ilikuta Wazungu 29,660 na Waafrika zaidi ya milioni 5. Aliingia kama mlowezi wa kawaida. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau alikuwa mstari wa mbele upande wa serikali, na tusimfanye malaika. Lakini vita vilimfundisha jambo ambalo wapiga kura wake hawakutaka kulisikia: kwamba watu elfu thelathini hawawezi kutawala mamilioni kwa nguvu milele, na jeshi la Uingereza halitakaa hapa kuwalinda. 1954 akaingia katika Baraza la Mawaziri la kwanza lenye rangi zote. Mwafrika pekee humo alikuwa B. A. Ohanga.

Hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo hunifanya nirudi kwenye kumbukumbu hizi kila mara. Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza. Viti 8 kwa nchi nzima. Mboya Nairobi, Odinga Nyanza ya Kati, Ngala Pwani, Muliro Nyanza Kaskazini, Oguda Nyanza Kusini, Muimi Ukambani, Mate Mkoa wa Kati. Na wa nane? Daniel arap Moi, Bonde la Ufa. Alikuwa mwalimu, na aliingia barazani Oktoba 1955 kuchukua nafasi ya John ole Tameno. Sasa akapigiwa kura.

Maana yake ni kwamba kulikuwa na wabunge wawili wa Bonde la Ufa kwa wakati mmoja. Jina moja, barabara zile zile, mvua ile ile. Blundell alichaguliwa na Wazungu, Moi na Waafrika wenye sifa. Mtu na kibarua wake wangeweza kukaa shamba moja, mmoja ana mbunge huyu, mwingine yule, au hana kabisa.

#8 Mchimba Kumbukumbu

Hao "wenye sifa" waeleze vizuri mkuu, maana vijana wengi hawajui kwamba 1957 mtu mmoja aliweza kuwa na kura 3.

#9 Mwana wa Menengai

Kweli kabisa. Mpango huo ulitokana na ripoti ya Walter Coutts. Kulikuwa na orodha ya sifa: elimu ya shule ya kati, mapato ya pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, umri wa zaidi ya miaka 45, nishani au utumishi uliotukuka, na kadhalika. Sifa moja ilikupa kura, ukiwa na zaidi unaongezewa hadi 3.

Mchukulie mwalimu mkuu wa shule ya misheni mwenye miaka 47. Elimu anayo, mshahara unafika, umri umefika. Huyo ana kura 3. Halafu mchukulie kijana wa miaka 25 anayeendesha trekta Njoro, hakumaliza shule, mshahara wake hausogelei pauni 120. Huyo hana kitu. Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa kama 126,000.

Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti juu ya hayo: cheti cha uaminifu, cha kuthibitisha kwamba hukuwa upande wa Mau Mau. Ndiyo sababu Mathu, aliyewasemea kwa miaka 13, alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Wameru wengi walipewa vyeti, Wakikuyu wengi walinyimwa.

#10 Nyumba ya Bahati

Hapa umenigusa. Nyanya yangu alizaliwa kwenye shamba la mzungu kule Subukia, baba yake alikuwa skwota. Walipakiwa kwenye lori hali ya hatari ilipoanza, wakarudishwa "nyumbani" Murang'a, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Alikuwa akisema kwamba waliacha mahindi yakiwa mabichi shambani na mbuzi kwenye boma. Mpaka anafariki alikuwa anaita Subukia kwao. Kwa hiyo 1957 mtu kama baba yake hakuwa katika daftari la Moi wala la Blundell.

#11 Mwana wa Menengai

Pole sana dada, na Mungu amrehemu nyanya. Waliorudishwa hivyo kutoka Bonde la Ufa wanakadiriwa kufika 100,000. Nilitaka mtu aliseme hili kutoka upande wa familia, maana kwenye kumbukumbu za baraza utasoma hotuba za Blundell na za Moi, lakini waliolima bonde lenyewe hawamo. Walikuwa kundi kubwa kuliko wapiga kura wote wa Kizungu wa kiti kile, na hakuna daftari lililowataka.

#12 Kijana wa Iringa

Jirani zangu, na sisi Tanganyika tulikuwa na yetu. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura analazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura imeharibika. TANU nusura ipasuke kwa hilo kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Nyerere akashawishi waingie, Mtemvu akatoka akaunda chama chake. Walioingia wakashinda. Lakini ona tofauti: kwetu Mzungu alihitaji kura za Waafrika ili apite. Kwenu Blundell hakuzihitaji?

#13 Mwana wa Menengai

Ndugu wa Iringa, umenifungulia mlango wa sehemu ya mwisho. Hakuzihitaji, hadi 1961.

Wale Waafrika 8 walikataa vyeo vya uwaziri na kudai viti zaidi. 1958 wakafika 14. Januari 1960 wote wakaitwa Lancaster House, London. Matokeo: daftari moja, viti 33 wazi kwa yeyote, na viti 20 vya kutengwa, 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia, 2 vya Waarabu. Ili kupiga kura ilitosha kujua kusoma na kuandika lugha yako, au kuzidi miaka 40, au kuwa na mapato ya pauni 75. Blundell na kundi lake la New Kenya waliukubali mpango huo. Aliporudi, pale uwanja wa ndege mlowezi mmoja alimrushia miguuni sarafu 30 za fedha, kama za Yuda.

Kiti cha Bonde la Ufa kikawa kimojawapo cha vile 10. Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza Wazungu peke yao wanapiga kura ya mchujo, na asiyepata asilimia 25 anatoka. Waliovuka wanakwenda kwa wapiga kura wote, wa kila rangi. Mpinzani wa Blundell alikuwa Ferdinand Cavendish-Bentinck, aliyeacha uspika wa baraza ili aongoze Kenya Coalition, chama cha walowezi waliokasirishwa na Lancaster House.

Kwenye mchujo Cavendish-Bentinck alimshinda Blundell kwa mbali. Wazungu wa bonde, watu waliomchagua tangu 1948, walimwacha, na akavuka ile asilimia 25 kwa kunusurika tu. Kisha sanduku likafunguliwa kwa wote, na Waafrika wakampa Blundell ushindi mkubwa usio na shaka. Wakampigia kura watu ambao miaka 4 kabla sheria haikuwatambua.

Kwangu mimi eneo bunge la walowezi lilikufa siku ile, Februari 1961, ingawa kisheria lilibaki miaka 2 zaidi. Lilikuwa limejengwa juu ya jambo moja tu, kwamba anayeishi bondeni na anayehesabiwa bondeni ni watu tofauti. Walipohesabiwa wote, wenye kiti wa zamani hawakuweza hata kumchagua mbunge wao wenyewe.

Kwa vyama vya Waafrika, KANU ilishinda viti 19, KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali bila Kenyatta kuachiliwa. Ngala wa KADU akaunda serikali kwa kuungana na watu wa Blundell. Kwa hiyo wale wabunge wawili wa Bonde la Ufa wa 1957, Moi na Blundell, wakajikuta upande mmoja. Blundell akawa tena Waziri wa Kilimo.

Uchaguzi wa Mei 1963 haukuwa na viti vya kutengwa kwa rangi yoyote. Maeneo bunge yalikuwa 117 kwa nchi nzima, na kile kiti hakikuwemo.

#14 Mkulima wa Molo

Nimekusoma mkuu, hasa hiyo ya 1961, sikuijua. Ila jina la Bonde la Ufa lilibaki, si ndiyo?

#15 Mwana wa Menengai

Lilibaki ndugu yangu, kwa sura nyingine. Katiba ya majimbo ilifanya Bonde la Ufa kuwa eneo lenye bunge lake, na rais wa bunge hilo alikuwa Moi. KADU ilipojivunja 1964 likarudi kuwa mkoa wa kawaida, na mkoa ukaendelea hadi ulipogawanywa katika kaunti 14.

Kaunti ya Nakuru peke yake leo ina maeneo bunge 11. Soma majina: Njoro, alikoanzia Delamere. Rongai, alikokuwa Scott. Subukia, shamba la Blundell. Kila moja sasa ni eneo bunge kamili, na wajukuu wa maskwota ndio wanaogombea na kupigiwa kura humo. Na ugomvi wa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni bado upo, umetuulia watu 1992, 1997 na 2008. Haukuanza na vyama vingi. Ulianza pale ardhi ilipotwaliwa kwa mmoja, ikalimwa na wa pili, na wa tatu akaambiwa asirudi, na kiti cha kwanza cha ubunge kikawekwa kulinda mpango huo.

#16 Binti Kilifi

Na Blundell aliishia wapi?

#17 Mwana wa Menengai

Hakuhama, dada. Aliishi hapa hapa Kenya hadi alipofariki 1993. Cavendish-Bentinck pia alifia Kenya, 1980. Sanamu ya Delamere iliyokuwa Nairobi iliondolewa wakati wa uhuru ikapelekwa Soysambu, na barabara iliyokuwa na jina lake ndiyo Kenyatta Avenue. Nyumba ya Bahati, kama familia bado ina karatasi zozote za nyanya, kipande cha babu au hati ya kurudishwa Murang'a, nakusihi zipigeni picha na mziweke pazuri. Wengine wenye karatasi kama hizo, andikeni hapa zimetoka shamba gani na mwaka gani.